Ile Nyingine Ndiyo Hii: Goundamani na Senthil

Mazungumzo na vijana wa maigizo, Tanga

Marahaba, marahaba. Kaeni. Na wewe uliye nyuma pale, uliyemnong'oneza mwenzako kwamba mzee leo kaja na chai yake, nimekusikia. Kaa hapo hapo, usitoke. Nitakuhitaji.

Nimeombwa niseme juu ya kuchekesha wawili wawili. Najua waliponialika walitegemea nianze na wa kwetu, na wana haki. Hapa ni Tanga, mji wa Mzee Majuto, na hakuna aliyekaa humu ambaye hakumbuki Majuto akikutana na Sharo Milionea: mzee anang'aka, kijana anatembea kwa madaha kama ardhi yote ya babake. Lakini hao mnawajua, na wengine wenu mnawaiga vizuri kuliko nitakavyoweza kuwaeleza. Leo nawapeleka kusini mwa India, kwa Watamili, kwa watu wawili ambao nadhani humu ndani hakuna aliyewahi kuwasikia. Mmoja anaitwa Goundamani, mwenzake Senthil.

Sisi tukisema picha ya Kihindi, tunasema picha ya Bombay. Babu zetu walilia na kuimba na picha za Bombay, na mpaka leo mtu hajui neno moja la Kihindi lakini wimbo anao wote. Watamili wana sinema yao, lugha yao, nyota wao, na studio zao zilianza kujaa mtaa wa Kodambakkam, pale Chennai, zamani sana. Mhindi wa Bombay akiiangalia bila maandishi chini anaambulia kama wewe unavyoambulia.

Nimewajuaje? Kwa ugonjwa. Mwaka 2013 nilimsindikiza mjomba wangu Chennai kwa ajili ya moyo. Wengi humu mna ndugu waliopita njia hiyo. Mgonjwa analazwa, msindikizaji anapanga chumba kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, halafu anakaa. Kazi ya msindikizaji ni kukaa. Pale sebuleni palikuwa na televisheni moja, na mlinzi wa nyumba ile, mtu mzima wa makamo, alikuwa hatoi mkono kwenye rimoti. Chaneli yake ilikuwa moja tu, inayoonyesha vichekesho asubuhi mpaka usiku: vipande vilivyokatwa kutoka picha za zamani, dakika tano hivi, dakika saba vile.

Usiku wa pili naona mwanamume mwenye sauti kama honi ya lori anamuuliza jambo kijana mfupi mnene. Kijana anajibu maneno matatu, manne. Yule wa kwanza anamrukia. Wanaachanishwa. Anauliza tena, kijana anajibu maneno yale yale, anarukiwa tena. Mlinzi anacheka mpaka anajifuta machozi, na yeye, kwa jinsi alivyokuwa akiyatamka maneno kabla hayajatoka, kipande kile alikuwa amekiona mara mia. Mimi sijui Kitamili hata cha kuombea maji. Nikajikuta nacheka. Mjomba yuko wodini na mabomba kifuani, na mimi nacheka kwa jambo nisilolielewa. Nikaona haya. Kisha nikajiuliza: hivi nimecheka nini?

Kesho yake kijana wa mapokezi alinifasiria. Nitawaeleza polepole, maana humo ndimo mwenye darasa lote la leo.

Picha inaitwa Karakattakaran, ya mwaka 1989. Mwongozaji ni Gangai Amaran, muziki ni wa kaka yake, Ilaiyaraaja, ambaye kwao ni zaidi ya mwanamuziki, ni kama hali ya hewa. Karakattam ni ngoma ya vijijini: mchezaji anaweka chungu kichwani, kimepambwa, na anacheza mwili mzima bila chungu kudondoka. Picha inafuata kundi la ngoma hiyo na mapenzi ya wachezaji wawili. Katika kundi, Goundamani anapiga thavil, ngoma ya pande mbili inayovaliwa shingoni, na Senthil anapuliza nadaswaram, ambayo ukiiona utasema hii si zumari hii, ila imerefuka. Picha haikuwa na nyota wakubwa sana, na kisa chake hakikuwa kigeni. Ilikaa kwenye kumbi za mji wa Madurai zaidi ya mwaka mzima. Ukimuuliza Mtamili wa leo kisa cha mapenzi kiliishaje, atafikiri kidogo. Ukimuuliza ndizi, hafikiri.

Basi, ndizi. Goundamani amempa Senthil rupia moja, akanunue ndizi mbili. Senthil anarudi na moja. Njiani amekula nyingine. Goundamani anamuuliza kwa utaratibu, kama mwalimu wa darasa la pili:

"Nilikupa shilingi ngapi?"

"Moja, kaka."

"Kwa hiyo moja unapata ndizi ngapi?"

"Mbili."

"Moja hii hapa. Ile nyingine iko wapi?"

"Ile nyingine ndiyo hii, kaka."

Nimetia shilingi mahali pa rupia, msinihukumu. Ni hivyo tu. Anapigwa, anaulizwa upya kutoka mwanzo wa hesabu, anajibu ile ile.

Sasa sikilizeni. Fasiri nyingi za utani hufa zikivuka bahari, lakini huu umevuka na ngozi yake, kwa sababu neno "nyingine" kwetu lina tabia ile ile kama kwao. Ndizi zilikuwa mbili. Moja imeliwa. Ile nyingine ni ipi? Ni hii iliyobaki! Kijana amesema kweli. Goundamani anahesabu kuanzia ndizi aliyoishika, Senthil anahesabu kuanzia ndizi aliyoila. Wote wawili wako sahihi, na hapo ndipo penye wazimu wote. Angekuwa anadanganya, tungecheka mara moja tukanyamaza. Mwongo akishabanwa hadithi imekwisha. Huyu habaniki, kwa kuwa hana anachoficha. Hajasema hakula. Hakuulizwa kama amekula! Ameulizwa iliko nyingine, naye amejibu.

Mtazameni uso anapojibu. Mkirudi kwenye simu zenu kitafuteni kipande, kipo. Hakonyezi. Hatabasamu na kamera. Hajifanyi mjinga, maana mjinga wa kujifanya hunuka toka mlangoni. Anamtazama mkubwa wake kwa heshima kamili, na kidogo kwa wasiwasi, kama mtu anayeshangaa kwa nini jibu jepesi namna hii linamtia kaka yake uchungu. Kila jibu analimalizia na lile neno "anne", yaani kaka, kaka mkubwa. Anapigwa huku anamwamkia.

Hapo nikajua nimecheka nini usiku ule. Sikucheka kelele za Goundamani, ingawa zilinivuta. Nilicheka utulivu wa yule mwingine. Na ndilo jambo nililokuja kuwaambia, yaliyobaki ni ushahidi: katika wawili hawa anayebeba kichekesho ni yule anayepigwa. Mpigaji anatupimia saa. Anatuambia sasa, bado, sasa. Lakini mzigo uko kwa mwenzake.

Nyinyi vijana wote mnataka kuwa Goundamani. Nimewaangalia asubuhi kwenye mazoezi. Jozi sita zilipanda hapa, na katika jozi sita watu kumi na wawili walikuwa wanapiga kelele.

Niwape wasifu wao kwa kifupi. Goundamani alizaliwa tarehe 25 Mei 1939 katika kijiji kilicho upande wa Udumalaipettai, magharibi mwa Tamil Nadu, jimbo la Watamili. Jina lake ni Subramaniam. Alitokea kwenye michezo ya jukwaani, na inasimuliwa kwamba jina la kazi lilitokana na tabia yake ya kumjibu mwenzake papo hapo, jibu ambalo halimo kwenye karatasi, "counter" kwa Kiingereza. Katika 16 Vayathinile, picha ya Bharathiraja ya 1977, mtamwona akiwa mpambe wa mhuni wa kijiji, na mhuni mwenyewe ni Rajinikanth, nyota mkubwa wa baadaye, ambaye hapo bado hajawa yule Rajinikanth. Mpambe, yaani yule wa nyuma anayeitikia. Kabla hajawa mpigaji alijua ladha ya kusimama pembeni.

Senthil alizaliwa 1953, wilaya ya Ramanathapuram, kukavu, mbali na kila kitu. Aliondoka kwao akiwa kijana mdogo, akafanya kazi kwenye duka la mafuta, akawa mhudumu kwenye duka la pombe, ndipo akaingia jukwaani. Fikirini kijana anayepeleka glasi mezani kwa walevi usiku kucha. Huyo amejifunza kusema "ndiyo, kaka" kwa namna arobaini. Hilo naliongeza mimi, lakini silitoi hewani, nalitoa kwenye ule uso.

Kati yao ni miaka 14, kwa hiyo lile neno kaka lilikuwa kaka kweli.

Twende kwenye karabai. Wangapi hapa wamewahi kuwasha taa ya karabai? Wewe, mama? Wewe wa Deep Sea umeiona kwa wavuvi wa dagaa, sawa. Wenye umri wangu tunajua: ile taa ya mafuta ya kupampu, na ndani yake kifuko cha kitambaa, utambi wake. Kifuko kile ukishakiwasha mara ya kwanza kitambaa kinaungua chote. Kinachobaki ni jivu lililosimama, umbo tupu, ndilo linalowaka jeupe kama mchana. Linatoa nuru ya harusi nzima, lakini ukiligusa kwa ncha ya kidole linamwagika. Kila nyumba iliyokuwa na karabai ilikuwa na mtoto aliyechapwa kwa sababu hiyo. Kwetu nilikuwa mimi.

Mwaka 1984 ilitoka picha inaitwa Vaidehi Kathirunthal. Kisa chake ni cha majonzi, cha mjane na cha mtu aliyeumizwa na mapenzi. Katikati ya majonzi hayo kuna fundi wa baiskeli anayekodisha na taa za karabai, amejipa jina All-in-All Azhagu Raja, kwa maana kwamba hakuna jambo asiloliweza. Huyo ni Goundamani. Senthil anafika kibandani na swali la mtoto: hii taa inawakaje? Fundi, kwa kuwa ni fundi wa kila kitu, anaingia mtegoni. Anaeleza. Anaonyesha kile kifuko. Na Senthil, kwa udadisi safi usio na ubaya wowote, ananyoosha mkono.

Mnaona? Ndizi ile ile. Hakuna uovu. Ameambiwa hiki ndicho kinachowaka, akataka kukijua. Baadaye anatokea mteja anayetaka kukodi taa, na fundi aliyebaki na taa isiyo na utambi anamuuliza kwa sauti ya mfanyabiashara anayefikiria masilahi ya mteja: kwani ni lazima iwe karabai? Sentensi hiyo imetoka kwenye picha ikaingia mtaani. Mtamili akiambiwa kitu fulani hakipatikani, akitaka kukulegeza, anakuuliza kama ni lazima iwe karabai. Watoto wanaoisema leo karabai yenyewe hawajawahi kuiona.

Kuna jingine kwenye Karakattakaran, na hili mzazi aliyekaa na mtoto amzibe masikio. Kundi lina gari, kuukuu. Goundamani analitangaza kwa fahari: hili gari liliwahi kuwekwa na Soppana Sundari, mrembo fulani wa sifa. Senthil anafikiri. Anauliza: "Kaka, gari alikuwa kaliweka Soppana Sundari. Sasa hivi Soppana Sundari yeye kawekwa na nani?" Kipigo. Nimewafasiria neno kwa neno na mmecheka, kwa sababu kumbe Kitamili nacho kinaweka gari na kinaweka mwanamke kwa kitenzi kimoja kama Kiswahili. Siku nilipofasiriwa hilo nilihisi kama nimekutana na ndugu. Na angalieni tena lililo ndani yake: kijana amefuata mantiki. Kama vitu vina wenyewe, basi twende mpaka mwisho.

Vichekesho vya wawili hawa vilitengenezwaje? Hapa wenye kutaka kuandika wachukue kalamu. Sinema ya Kitamili ya miaka ile ilikuwa na kitu wanachokiita treki ya vichekesho. Mwongozaji ana kisa chake kikuu: mapenzi, kisasi, mama anayelia. Pembeni kunaandikwa kisa kingine kidogo cha vichekesho, mara nyingi na mwandishi mwingine kabisa. Wachekeshaji wanaitwa kwa siku zao chache, wanapigwa picha zao, wanaondoka. Halafu vipande vinapachikwa ndani ya picha, baada ya wimbo hapa, kabla ya msiba pale. Ndizi na karabai zimetoka kwenye kalamu ya mtu mmoja, A. Veerappan, ambaye naye alikuwa mchekeshaji. Jina lake watazamaji wengi hawalijui. Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mwandishi wa vichekesho mzoee.

Utaratibu huo una aibu yake na una baraka yake. Aibu ni kwamba mara nyingine ukikitoa kichekesho chote picha haipungukiwi chochote, wala kichekesho hakiumii. Hata hawajuani. Baraka nimeiona kwenye ile televisheni ya Chennai: kwa sababu vipande vile vilisimama vyenyewe tangu vilipozaliwa, miaka ishirini na kitu baadaye mtu aliweza kuvikata na kujaza chaneli nzima. Picha nyingi za mwaka 1989 zimekufa na mashujaa wake. Ndizi inapita kila jumanne.

Wao hawakuubuni. Kabla yao, miaka ya 1930 na 1940, palikuwa na mume na mke, N. S. Krishnan na T. A. Mathuram, wakipachika michezo yao ndani ya picha za watu kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1944 Krishnan alikamatwa katika kesi ya mauaji ya mwandishi wa habari Lakshmikanthan, pamoja na mwimbaji nyota kuliko wote wa wakati huo, Thyagaraja Bhagavathar, wakafungwa mpaka rufaa ilipowatoa 1947. Bhagavathar hakurudi tena alipokuwa. Krishnan alirudi, watu wakacheka tena. Nawaza mara nyingi kuhusu tofauti hiyo, lakini tukiingia humo hatutatoka kabla ya magharibi.

Jozi ile ya zamani ilikuwa ya mke na mume, wanabishana, na mara nyingi mke anashinda. Goundamani na Senthil walichofanya ni kuondoa ushindi. Hakuna anayeshinda. Yule mkubwa ana nguvu zote na hapati jibu. Yule mdogo ana jibu na hapati amani. Ngazi kati yao haitikisiki: picha baada ya picha, mkubwa ni mkubwa, mdogo ni mdogo. Mtu wa shule ya maigizo atawaambia mhusika lazima abadilike. Hawa hawabadiliki ng'o, na watu walilipa tiketi kwa ajili hiyo. Unakwenda kuona mambo yale yale yanatokea kwa kitu kingine: leo ndizi, kesho taa, kesho kutwa gari.

Walipoigeuza ngazi waliigeuza yote. Mwaka 1994, katika Nattamai, picha ya K. S. Ravikumar, Senthil ndiye baba na Goundamani ndiye mwana. Mkumbuke huyo baba ni mdogo kwa mwanawe kwa miaka 14! Mwana anataka kuoa, na baba mtu anamwaibisha kila anapokwenda kuposa. Nyumba moja wamekaa sebuleni, na pembeni kuna bwana mmoja anakula chevda kwenye sahani, hasemi kitu, hainui kichwa, kama hayamhusu. Goundamani anauliza huyu ni nani. Anajibiwa: huyu ndiye baba wa binti. Basi mpaka leo kwa Watamili, mtu anayekaa kimya wakati nyumba inaungua ni mla chevda. Mbunge asiyefungua mdomo, mla chevda. Nami nawapa bure, litumieni, tunao wengi wa kulivaa.

Na ya Goundamani peke yake, kwenye Suriyan ya 1992, alisema kwamba katika siasa mambo kama haya ni ya kawaida. Hiyo siifasiri hata. Ilizaliwa ikiwa na uraia wa nchi zote.

Nisiwafiche upande mwingine. Ukikaa na vipande vile saa tatu mfululizo, kama nilivyokaa mimi, kuna mahali kicheko kinakukwama. Goundamani anamwita mwenzake kila jina: kichwa kama kokwa la mvumo, na wanyama wote wa zizini. Anamcheka kwa weusi wake, kwa tumbo lake, kwa ufupi wake. Mimi mweusi, niko kwenye sebule ya ugenini, mlinzi anacheka nami bega kwa bega, na kwenye kioo mtu anatukanwa kwa rangi yangu. Mlinzi mwenyewe alikuwa mweusi kuliko mimi. Alicheka. Mimi pale nilinyamaza. Wapo wanaosema ulikuwa utani wa kijijini na hakuna aliyeumia, lakini hao wanaosema hivyo huwa hawaitwi kokwa. Jambo ninaloliona kama fundi ni hili: vile vipande vya matusi matupu ndivyo vilivyochakaa. Ndizi haina tusi la sura ya mtu ndani yake, wala haihitaji. Mkikosa wazo mtakimbilia sura ya mwenzenu. Nawajua, hata sisi tulikimbilia.

Kwenye miaka ya mwisho ya 1990 jozi ilianza kufumuka. Goundamani alichukua picha akiwa na mashujaa wa kawaida, yeye na shujaa sambamba, kichekesho kikiwa ndani ya kisa chenyewe. Senthil akaenda zake huku na huko. Akaja Vadivelu, ambaye naye ni bingwa wa kupigwa, ila yeye anapigwa na dunia yote, hana kaka mmoja. Ni kazi nyingine hiyo, na wengi humu mngeipenda zaidi. Mimi ninamkosa yule kaka. Mtu akipigwa na kila mtu ni mkosi tu, lakini akipigwa na mtu mmoja miaka na miaka, na bado asubuhi anakwenda kumnunulia ndizi, hapo pana jambo baina yao ambalo hakuna aliyeliandika kwenye karatasi.

Mtaniuliza: kwa nini harudishi hata siku moja? Nilimuuliza kijana wa mapokezi hivyo hivyo. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini jua halichomozi usiku. Akaniambia, "Yule ni kaka yake."

Mjomba alitoka wodini siku ya kumi na moja. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mkono kifuani kwenye mshono, kaambiwa asikohoe kwa nguvu wala asicheke kwa nguvu. Mlinzi kaweka ile chaneli. Nilitaka kuizima, mjomba akanizuia. Ikapita ndizi. Mimi sasa mjuzi, nikamfasiria mstari kwa mstari. Alicheka kwa kufumba mdomo, mabega yanapanda yanashuka, machozi yanamtoka kwa maumivu, akanipiga ngumi ya paja, "Nyamaza, utaniua." Nikanyamaza. Baada ya dakika nzima, polepole, bila kunitazama: "Lakini dogo kasema kweli."

Haya. Nimezungumza sana na jua linashuka. Mezani hapa kuna ndizi mbili, nimezinunua asubuhi hapo barabara ya kumi na mbili, na mfukoni nina jero. Nataka jozi ya kwanza. Wewe, dada wa gauni la kijani, asubuhi ulikuwa huongei kabisa, njoo wewe ndiye utakayeuliza. Nataka sauti ifike bandarini. Na wewe wa nyuma, mwenye chai. Ndiyo, wewe, usimtazame mwenzako. Wewe utajibu. Una sentensi moja tu, na macho usiyatoe kwa kaka yako. Yaani kwa dada yako, leo. Jaribuni kwa ndizi kwanza, halafu tutaona kama mnaiweza karabai.